Nusu Wati

Mtambo wangu ni wa nusu wati. Unakaa juu ya friji
baina ya mkebe wa kahawa na vidonge vya presha vya mama.
Sauti hutoka hapa Mudheiribu, ikajikokota hadi kituo cha petroli;
ikivuka hapo, ni bahati ya hewa.

Wasikilizaji wangu ni kumi na mmoja. Nawajua.
Sabaha fundi cherehani, asiyezima hata akikata kitambaa cha watu.
Walinzi wawili wa skuli, wanaoelewa muziki tu.
Mama, chumba cha pili, anayepiga kelele "Ongeza!"
kana kwamba redio ndiyo itakayomsikia, si mimi.

Siku za kawaida najitosheleza:
bei ya majani ya mbuzi, nani kajifungua,
zamu ya maji ya falaji leo ni ya nani.
Lakini Idi kubwa ina siku tatu, nami nina koo moja,
na shuwa ikifukuliwa sitaki kusimama mbele ya friji nikisoma salamu.
Nataka kuwa shimoni na wenzangu, moshi machoni.

Basi nikaingia kuomba vipindi.
Cha bure, nilisema. Cha sikukuu. Chochote.
Mwomba chumvi huombea chungu chake,
na chungu changu kina saa sabini na mbili.

Muhenna wa Sohari akanipa saa nzima ya kasida;
kila dakika kumi anakohoa, kisha anataja duka lake la matairi.
Wa Bahareni akaleta kipindi safi, kimepigwa pasi,
ila ndani yake mtu anashangilia "leo Ijumaa"
na Idi yetu imeangukia Jumanne.
Nilijaribu kuikata hiyo Ijumaa. Ikatoka na nusu ya dua.

Mwalimu Biubwa, mstaafu wa Wete, akatuma vitendawili.
"Kitendawili!" anasema, kisha ananyamaza
kiasi cha mtoto kumeza mate na kujibu.
Nikakijaribu usiku, kwa sauti ndogo.
Ule ukimya ukasimama sebuleni kama mgeni asiyepewa kiti.
Wanangu walikuwa kwenye simu zao, kwa Kiarabu.
Halafu, nyuma ya ukuta: "Tega!"
Mama akajibu vyote ishirini na vinne.
Vitatu alikosea, akagombana na mwalimu.

Cha mwisho kilitoka Kuwaiti, kwa mtu aitwaye Mbaruku.
Jina tu, simjui. Aliandika: Salamu za Idi, dakika arobaini.
Nikafungua. Hamna salamu.
Nadhani alikiwasha kinasa sauti akaenda jikoni, akasahau.
Maji yanachemka. Kijiko kinagonga gilasi.
Kitunguu kinaingia kwenye mafuta, kile kishindo chake cha kwanza.
Anapiga chafya mara mbili,
anajisemea mwenyewe alhamdulillahi, anajijibu mwenyewe.

Sikukusudia kukirusha. Siku ya pili, shimo limefunguliwa,
watu wananiita, nikabonyeza kisicho chenyewe nikakimbilia nyama.
Nikarudi na vidole vya mafuta, nikakuta Sabaha kapiga simu mara tatu:
"Nani huyo anayepika? Mbona anaunguza bizari?"
Walinzi wakataka kirudiwe.

Mama alikuwa amekaa kitandani, redio mapajani.
"Kapakua," akasema. "Nimesikia. Sahani moja."
Hakusema ongeza.

Usiku nikamwandikia Mbaruku:
kipindi chako kimefika vizuri.
Nikafuta vizuri. Nikaandika: bizari itie mwisho, moto ukishapungua.
Kisha nikamuuliza kama anacho kingine.